Shimo la Kupatikana

Mama yangu aliingia Durban na begi moja, blanketi moja na sharti moja. Begi na blanketi nilivipokea kwenye kituo cha mabasi. Sharti alilitoa baadaye, baada ya kulala siku chache kwenye fleti yetu ya Greyville na kutazama chini kupitia dirisha asione mahali popote pa kutia jembe.

"Mama, hapa ni kwako," nilimwambia.

"Kwangu ni kwenye iko kitu yangu ndani ya udongo," alinijibu. "Hapa iko nini? Saruji. Mvua hii ikiisha sina kitu mu udongo, narudi."

Kurudi maana yake ilikuwa milima ya Kivu, juu ya ziwa, kwenye nyumba ambayo jirani alikuwa akinitumia habari zake kwa simu, na kila habari ilikuwa mbaya kuliko ile ya kabla yake. Bunduki zilikuwa zimerudi vilimani. Nilimkumbusha. Akasema bunduki anazijua, ni saruji ndiyo hajaizoea. Sikuweza kumdharau. Mwanamke aliyevuka mipaka yote ile kwa basi ili aje, angeweza kuivuka tena ili arudi, na wala asingenisubiri nimsindikize.

Kwa hiyo tulihama. Nafundisha Kifaransa kwa vipindi katika shule moja ya Overport, na saa zinazobaki naandika makala ambazo wasomaji wake naweza kuwaalika wote chai bila kuazima vikombe. Watu wa kanisani waliposikia nahama katikati ya mji kwenda Isipingo, mbali na kazi, kwa sababu ya ua usiotosha hata kugeuza gari, walidhani nimefukuzwa. Sikuwaeleza. Ingekuwa vigumu kusema kwamba natafuta pa kuchimba shimo ili mama yangu asiende kufa.

Nyumba tuliyopata ilikuwa ya nyuma. Ya mbele alikaa mwenye nyumba, mjane wa ukoo wa Kihindi ambaye mtaa mzima ulimwita Aunty, na mimi pia nikamwita Aunty ingawa tunalingana umri. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye udongo. Alichuchumaa, akafinyanga kidogo mkononi, akaunusa, kisha akaingia ndani kupika.

Kwetu mavuno ya viazi na mateke hayakai ghalani. Mateke ndiyo magimbi, na hapa Durban, Wazulu na Wahindi kwa pamoja huyaita madumbe. Kwetu yanawekwa chini. Nilikuwa nimekua nikiliona shimo letu nyuma ya jiko, na miaka kadhaa iliyopita nililiandikia makala ndefu, niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilieleza upana wake, ukingo wake, jiwe bapa lililokuwa juu. Nilitumia maneno kama "hekima" na "urithi". Kwa hiyo zamu ya kujenga shimo la Isipingo ilipofika, nilijiona mtaalamu. Nilikwenda maktaba nikasoma jinsi watu wa nchi za baridi wanavyojenga vyumba vya chini vya kuwekea viazi na karoti: kuta za mawe, rafu za mbao, matundu ya hewa, ngazi. Nilichora ramani kwa rula nikamwekea mezani.

Aliitazama muda mrefu. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Ya mateke, mama."

"Na hapa?"

"Huo ni mlango."

"Mulango ni ya nini, papa? Teke itatoka iende wapi?"

Kwetu mama humwita mwanawe papa anapompenda na anapomwona mjinga, na sauti ni ile ile. Ramani nikaikunja.

Jumamosi tulikwenda kununua madumbe karibu na kituo cha taxi cha Isipingo, kwa mama mmoja wa Kizulu aliyekaa nyuma ya marundo yake kama hakimu. Mama yangu aliyapindua moja moja, akakataa kila lenye jeraha la jembe. Muuzaji aliudhika mpaka nilipomweleza, kwa Kizulu changu kinachowachekesha hata watoto, kwamba tunataka kuyazika. Uso wake ulibadilika. Akaanza kumwambia mama mambo kwa mikono: shimo lenye mdomo mwembamba na tumbo pana kama chungu, mahindi ndani, jiwe juu, samadi juu ya jiwe, na juu ya samadi ng'ombe wenyewe. Ndivyo bibi zake walivyofanya huko bara, chini ya zizi, ili adui apite juu ya chakula akitafuta chakula.

"Iko anasema kwato zinafuta alama," mama aliniambia. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, lakini walikuwa wameshanipita. "Hawa batu banajua."

Njiani kurudi alikuwa akifikiri. Nilidhani anafikiria ng'ombe.

Tulichimba nyuma ya jiko, mahali pale pale ambapo shimo la nyumbani lilikuwa. Nasema tulichimba. Mimi nilipata malengelenge kabla jembe halijapita udongo wa juu, na kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo na kutoa maoni. Alichimba hadi kiunoni, akazilainisha kuta kwa kiganja kama anayemsiliba mtoto mafuta. Kisha akajaza majani makavu akayawasha, ili moto ukaushe kuta na kufukuza wadudu. Majivu hakuyatoa. Juu yake alitandika majani makavu ya mgomba, ambayo Isipingo hayanunuliwi, kila ua una mgomba unaojiotea. Kisha mateke, hayajaoshwa, yamepangwa yasigusane, maana linaloanza kuoza huambukiza jirani. Tabaka la majani, tabaka la mateke. Katikati, kwetu husimamishwa tete lenye uwazi ili shimo lipumue, lakini yeye alichukua bomba la mashine ya kufulia iliyokufa. Mwisho kifuniko cha matawi, udongo uliorundikwa mfano wa kichuguu, na mfereji kuuzunguka ili mvua iteleze ipite.

Mateke yaliyoingia humo yalikuwa machache na madogo, lakini sikuuliza. Aliosha mikono, akakaa kwenye ngazi ya jiko, na usiku ule alilala bila kuamka. Nilijua kwa sababu mimi niliamka.

Aunty alikuja siku chache baadaye, nikiwa nimetoka tu kazini. Mjini kulikuwa na maandamano ya kupinga wageni wiki ile. Wenzetu wenye saluni na vibanda vya simu walikuwa wamefunga, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiendesha gari nikiwa nimezima redio ili nisije nikasikika nikisikiliza Kifaransa. Tulizungumza Kiingereza kama kawaida yetu, yeye kwa kasi, mimi kwa adabu.

"Mwalimu, kuna nini kwenye ua wangu?"

"Madumbe, Aunty. Mama ameyahifadhi."

"Madumbe yanazikwa siku hizi? Yamekufa?"

"Kwetu ndivyo..."

"Kwenu, sawa. Hapa watu wanapita barabarani wanaona kilima cha udongo kwa wageni. Kwenye grupu la mtaa mmoja ameandika ni bangi. Mwingine ameandika ni mtu."

"Mtu gani?"

"Hawajauliza mtu gani, Mwalimu! Wakishasema mtu, inatosha." Aliteremsha sauti. "Mimi nawajua nyinyi. Mama yako ananipandia maua. Lakini wakija hapa hawatagonga kwangu kwanza kuuliza madumbe ni nini. Lifukie kabla ya Jumapili. Usipolifukia, itabidi utafute kwingine, na sitaki utafute kwingine."

Alikuwa na macho mekundu, na nikaelewa kwamba naye alikuwa hajalala. Nilimwambia litafukiwa. Akashukuru, akakitazama kilima cha udongo, akauliza kama anaweza kupata machache ya mchuzi, maana ni dhambi kufukia chakula.

Nilizunguka mtaa mara kadhaa kabla ya kuingia ndani. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia mama kwamba kitu chake pekee kilicho udongoni kinatoka, na kwamba mimi, mwanawe msomi, nimekubali bila hata kupinga. Nilipomwambia hatimaye, nilikuwa nikitazama sakafu.

Alicheka. Tangu afike Durban sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na alicheka hadi akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Wamelipata?"

"Wamelipata, mama. Samahani."

"Bon! Si njo kazi yake? Ile ni shimo ya kupatikana."

Alinishika mkono akanipeleka nje, kwenye kipande cha saruji chenye karo la kufulia, chini ya kamba ya nguo. Akagonga saruji kwa kisigino. Ilitoa sauti ya debe tupu, ila si tupu sana.

Shimo la kweli alikuwa amelichimba humo nilipokuwa Overport nikifundisha vitenzi. Aliingilia ubavuni, chini ya saruji, pale ambapo maji ya kufulia na nyayo za kila siku zingefuta kila alama. Ndicho alichokuwa akifikiria tulipotoka sokoni. Udongo aliutoa kwa ndoo kidogo kidogo akaumwaga kwenye bustani ya maua ya Aunty, ambaye alimshukuru. Humo ndimo yalimokuwa mateke makubwa.

"Na nyumbani?" nilimuuliza. "Lile la nyuma ya jiko?"

"Lile pia."

Naomba msomaji anipe nafasi nikae kidogo hapa, maana mimi nilihitaji kukaa. Kwetu, alinieleza, kila nyumba yenye akili ilikuwa na mashimo mawili. La kwanza linachimbwa mahali ambapo mtu mwenye haraka na bunduki angetafuta, na linawekwa chakula kidogo, kibaya, lakini si kibaya mno, ili aliyekipata aridhike aondoke. La pili halisemwi. Mama mkwe humwonyesha mke wa mwanawe baada ya kuzaa mtoto wa kwanza, na wanaume hawaambiwi, kwa sababu mwanaume akipigwa atasema. Baba yangu alikufa hajui alichokuwa akila kilitoka wapi. Makala yangu ile, yenye hekima na urithi na jiwe bapa, ilikuwa imeeleza kwa uaminifu mkubwa, na kwa tanbihi, chambo kilichowekewa wezi.

Hilo ningeweza kulicheka, na nimelicheka mbele za watu tangu hapo. Lakini alikuwa hajamaliza.

Nilikumbuka siku askari walipokuja kwetu nikiwa mdogo. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, wakalifukua, wakajaza magunia. Nililia siku ile kuliko nilivyowahi kulia, nikamng'ang'ania mmoja wao mguuni, naye akanisukuma kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu sana. Mama naye alilia. Waliondoka wakicheka. Nimeyabeba machozi yale maisha yangu yote kama ushahidi kwamba siku moja nilitetea nyumba yetu.

"Ulilia vizuri sana," mama alisema. "Mimi naweza kulia ya uongo, lakini batu wakubwa banajuana. Mutoto hawezi. Njo maana watoto hawaambiwe. Shimo ya kupatikana bila mutoto wa kulia, ni shimo tu."

Alisema kwa upole, kama anayempa mtu sifa yake iliyochelewa. Nilimwangalia nikatafuta hasira, nikaipata kidogo, nisijue niiweke wapi. Tulikula miezi ile yote. Jirani aliyekuwa na shimo moja alizika watoto. Nilikuwa sehemu ya ujenzi, kama majivu, kama tete la hewa, na hakuna anayeliomba tete ruhusa.

La nyuma ya jiko tulilifukia Jumamosi, mchana kweupe, Aunty akisimamia ili mtaa uone. Mama alijipangusa uso kwa kitenge. Aunty akamkumbatia. Ukimtoa mama, nilikuwa wa pekee kwenye ua ule niliyejua mwanamke yupi alikuwa akimfariji mwingine bure, na nilikaa kimya. Nilikuwa mtoto asiyeambiwa, sasa nimeambiwa, na kazi yangu haikubadilika.

Majira ya baridi yalipita vizuri kupita nilivyostahili. Mama alipika kutoka chini ya saruji, akafua nguo juu yake, akakaa hapo akiota jua la asubuhi. Sharti lilikuwa limetimia, hakulitaja tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu magari yaliyopunguza mwendo mbele ya geti. Kila Aunty alipopita na kusema, "Mwalimu, afadhali tulifukia," niliyazuia macho yangu yasiende kwenye saruji.

Mvua zilipoanza, ilikuja harufu. Siku ya kwanza nilidhani ni mfereji wa barabara. Siku ya pili mama aliacha kufua, akalala kifudifudi kando ya saruji, akaingiza mkono mpaka begani. Ulitoka mweusi.

Hakukosea kujenga. Kuta zilikuwa imara, majani yalipangwa, mfereji wa mvua ulikuwepo. Lakini kwetu shimo linakaa mgongoni mwa kilima na maji hutoka juu, basi unayafundisha njia. Isipingo ni bonde, mto uko pale na bahari iko pale, na maji yalikuwa yamepanda kutoka chini. Mimi niliyekwenda maktaba nilikuwa nimesoma kuhusu theluji.

"Udongo ya huku," mama alisema, bado amelala kifudifudi, "iko inakojoa kitandani kama mutoto."

Sikucheka, naye hakutaka nicheke. Jioni alikunja blanketi. Alilikunja kwa namna ile ya kusafiri, la pembe nne, likafungwa kwa kamba. Nilisema yote niliyokuwa nayo. Nilisema kuhusu bunduki, kuhusu jirani aliyeacha kujibu simu. Nilisema tungehamia mahali pa juu.

"Papa," alisema, "pale hakuna kitu pia. Minajua. Lakini ile hakuna-kitu ya pale, ninajua ni ya nani."

Kesho yake nilichota ule uji mweusi kwa ndoo nikautupa nyuma ya jiko, kwenye udongo laini wa shimo tulilolifukia, kwa sababu ndipo palipochimbika kwa mikono yangu. Sikuwa na nia nyingine yoyote. Nasema hivi kwa sababu mama hakuniamini, na Aunty hadi leo ananisifu.

Mateke hayataki kukaa majini yakiwa yamelala. Yakiwa na nia ya kuota, hutafuta maji, na ndani ya ule uji mlikuwa na yasiyooza. Begi lilikuwa bado mlangoni, likingoja mwenzetu mmoja wa kanisani aliyepanga kusafiri, nilipoamka nikamkuta mama amechuchumaa nyuma ya jiko kwenye manyunyu. Majani yalikuwa yametoka yakiwa yamejikunja, mengi, kote pale tulipofukia.

"Nani alipanda?"

"Hakuna, mama. Nilitupa."

Alinitazama kama alivyoitazama ramani yangu. Kisha akaanza kung'oa majani mabaya pembeni. Mwenzetu wa kanisani alipopiga simu kusema safari iko tayari, alimjibu kwamba atangoja. "Iko vitu yangu haijakomaa. Ikikomaa nitakula, nitachukua mbegu, nitaenda."

Ndivyo nilivyopewa muda, bila kuuomba, na mimea isiyojali. Aunty alifurahi sana kuona majani. Aliyachuma machanga, akayapaka unga wa dengu na viungo, akayaviringisha, akayachemsha kwa mvuke na kuyakaanga, akatuletea sahani. Patha, alituambia, bibi yake alitengeneza hivyo hivyo. Kwenye grupu la mtaa aliweka picha: si bangi, si mtu. Mama alikula, akasema majani yakichumwa mno mateke hukawia kunenepa, na mimi nikamwambia Aunty achume anavyotaka.

Sasa mvua zimekwisha tena. Majani yamepata manjano kwenye kingo na yanainama, na kwetu hiyo ndiyo dalili. Jirani wa nyumbani alipatikana kwenye simu. Anasema nyumba yetu imesimama lakini kuna watu ndani yake, haijulikani ni wakimbizi au ni wale waliowakimbiza. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama wamechimba nyuma ya jiko.

Juzi aliuliza jembe liko wapi. Nilimwambia sijui, labda Aunty ameliazima. Jana akauliza tena. Nikasema nitamuuliza Aunty.

Jumapili nilimpeleka kanisani, mjini. Alikaa kiti cha mbele na kitenge chake kipya, akitazama nje. Kwenye robot, ndivyo hapa wanavyoziita taa za barabarani, ya kutokea Isipingo taa ilibadilika ghafla, nikakanyaga breki, na huko nyuma, ndani ya buti, kitu kizito cha chuma kiliteleza kikagonga mwili wa gari.

Tulikaa na taa nyekundu.

"Gari yako iko inalia," mama alisema.

"Ni barabara, mama. Ina mashimo."

Alivuta kitenge akakiweka vizuri magotini. Taa ilikuwa bado nyekundu.

"Unadanganya vibaya," alisema. "Mutoto ulikuwa unalia vizuri."

Taa ikawa ya kijani. Hakuniambia nisimame, hakuniambia nifungue buti. Nikaendesha polepole, na kwenye kila kona lilikuwa likigonga, na sote wawili tuliendelea kutazama mbele.